Mng'aro Haupakwi, Huchongwa

Mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu, alimiliki gari moja tu katika umri wake wote, gari dogo la milango minne la rangi ya nili, naye alilipenda kama mtu apendavyo kitu alichokichuma kwa jasho lake. Lilipokwisha kukaa miaka kumi na miwili katika jua la Mombasa, likimwagiwa vumbi na kila kaskazi na kupulizwa chumvi na kila kusi, rangi yake ilififia, ikajaa michirizi ya mviringo ambayo jua la saa tatu za asubuhi liliifichua kama utando wa buibui. Na aliposikia kwamba nimenunua mashine ya polishi iliyokwisha kutumika, akaniletea ufunguo bila ya kuniuliza kama najua kuitumia. Nilianza na milango, nikafaulu. Nikaenda kwenye buti, nikafaulu. Na kule kufaulu mara mbili kulinitia ghururi. Nilipofika kwenye boneti, mahali ambapo bati limekunjwa likafanya ukingo mrefu kutoka chini ya kioo cha mbele mpaka karibu na taa, niliipitisha mashine juu ya ukingo ule, nikaiacha hapo kwa muda usiozidi wa mtu kuvuta pumzi tatu. Nilipoiinua palikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba kama uzi na mrefu kama shibiri. Nikadhani ni uchafu, nikaufuta kwa kitambaa. Nikaufuta tena, nao ukabaki vile vile, kwa maana ilikuwa praima iliyokaa gizani chini ya rangi tangu siku gari lilipoundwa. Mjomba alikuja, akaweka kidole chake juu ya mstari ule, akasema, “Mwanangu, hapa rangi imekwisha,” kisha akaenda zake kuswali alasiri.

Nimeitumia miaka mingi baada ya siku ile kujifunza kile ambacho ilinipasa kukijua kabla ya kuitia mashine katika umeme, na nayaandika haya kwa ajili ya vijana ambao leo wanafungua vibanda vya kuosha na kung'arisha magari kutoka Likoni mpaka Mtwapa, na kwa ajili ya wenye magari wanaowakabidhi mali yao, kwa sababu kosa langu naliona likirudiwa kila wiki, na aghalabu hurudiwa na watu waangalifu na wapenda kazi ambao hapana aliyepata kuwaeleza.

Asili ya kosa ni dhana moja, nayo imeenea mno: kwamba polishi ni kitu kinachoongezwa juu ya gari, kama mafuta ya nazi yanavyopakwa juu ya nywele. Nta ndiyo inayoongezwa. Polishi ya mashine, na zaidi yake ile dawa nzito tuiitayo kompaundi, ni mchanga laini kupita kiasi, mara nyingi unga wa oksidi ya alumini uliochanganywa na maji na mafuta, na kazi yake ni kukwangua. Mkwaruzo ulio katika rangi ni mfano wa bonde jembamba ambalo mwanga ukiangukia kingo zake hutawanyika, na jicho huliona. Na kwa kuwa bonde lile halijazwi, fundi huvishusha vilima vilivyo kandokando yake mpaka vikalingana na kina chake, na hapo mwanga hurudi umenyooka kama urudivyo kutoka kwenye kioo. Mng'aro wote tunaoufurahia umepatikana kwa kupunguza. Na kitu kinachopunguzwa lazima tujue kipo kiasi gani.

Basi kipo kiasi gani? Gari la leo litokapo kiwandani huwa limevikwa tabaka nne. Ya kwanza, iliyoshikamana na bati, hupakwa kwa kuuzamisha mwili mzima wa gari katika birika la rangi lililopitishwa umeme, na unene wake ni takriban maikroni 20, yaani sehemu 20 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Juu yake huja praima ya maikroni 30 au zaidi kidogo; kisha rangi yenyewe, ile aliyoipenda mnunuzi, ambayo mara nyingi haifiki hata 20; na mwisho kabisa klia, tabaka isiyo na rangi, iliyo baina ya 35 na 50. Unywele wa kichwa cha mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hiyo klia yote, ambayo ndiyo tabaka pekee fundi aliyoruhusiwa kuigusa, ni nyembamba kuliko unywele mmoja, na hata hiyo haifai kuliwa yote, madhali dawa zinazoikinga rangi na miale ya jua zimo humo humo ndani yake, na kadiri klia inavyopungua ndivyo kinga hiyo inavyopungua. Yale mabaka meupe yanayobanduka juu ya mapaa na maboneti, ambayo hatuwezi kwenda kutoka Nyali mpaka Changamwe bila ya kuyaona, ni klia iliyoshindwa na jua, na baadhi yake yalianza siku gari lilipong'arishwa likasifiwa.

Tena tusisahau hali ya magari yetu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, na wengi wetu hununua yale yaliyokaribia mpaka huo. Nayo hutoka Japani yakiwa yamekwisha kuoshwa mara mamia, na mengi yamekwisha kupigwa polishi ili yapendeze machoni mwa mnunuzi. Likishuka bandarini Kilindini linang'aa; miezi mitatu baadaye, mafuta ya polishi yaliyojificha ndani ya mikwaruzo yakisha kuoshwa, mikwaruzo hurejea, na mwenye gari hulalamika kwamba maji ya hapa ni mabaya. Fundi anayelipokea gari la namna hiyo hana budi kudhania kwamba sehemu ya klia yake imekwisha kutumiwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoifika.

Jambo la pili, na hili ndilo nililokuwa sikulijua hata kwa jina, ni kwamba rangi za magari hazina tabia moja. Kabla ya miaka ya 1920 magari yalipakwa rangi na vanishi za aina moja na zile za mikokoteni, na kukauka kwake kulichukua majuma. Ndipo kampuni ya DuPont ya Marekani ilipotoa rangi ya nitroselulosi kwa jina la Duco, ikapakwa juu ya magari ya Oakland ya General Motors kwa mwaka 1924, na kazi ya majuma ikawa kazi ya saa. Jina hilo lilisafiri mbali kuliko magari yenyewe, na mpaka leo mafundi wazee huita duko rangi yoyote ya jamii ile. Baadaye zikaja enameli, zikaja rangi za akriliki, zikaja zile za kuchanganya na dawa ya kukazia ambazo vibandani tunaziita 2K, na kuanzia miaka ya 1980 desturi ya kutenga rangi na klia ikaenea duniani. Mashine ni moja, lakini kila moja ya rangi hizi yataka mkono wake.

Duko hukauka kwa kuondokewa na thina tu. Ndani yake hakuna kilichofungamana na kingine. Ndiyo maana ukichukua kitambaa chenye thina ukaisugua mahali pasipoonekana, ndani ya mlango mathalani, itayeyuka na kutia rangi kitambaani hata ikiwa ina miaka hamsini, ilhali 2K iliyokauka barabara haitikisiki. Na kwa sababu iyo hiyo joto huilainisha. Fundi akiikimbilia kwa mashine yenye mizunguko mingi, rangi hujikunja chini ya sponji kama samli iliyokaribia moto. Akiiendea kwa mwendo wa chini, kwa sponji laini na mkono mwepesi, akipumzika kila inapopata vuguvugu, hung'aa mng'aro wa kina ambao mimi binafsi sijauona katika klia yoyote. Lakini ikiwa imepasukapasuka nyufa ndogo kama tope la bwawa lililokauka, haina dawa, na aisuguaye huzijaza nyufa zile unga mweupe ambao hautoki tena.

Magari ya kale yana fumbo jingine. Yako mpaka leo, katika nyua za watu wa pwani na wa bara, magari ya Peugeot 404, ndugu wa yale yaliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967 yakiendeshwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam. Na sijapata kuliona hata moja ambalo halijapakwa upya mara mbili au tatu, na kila mara kwa rangi iliyopatikana siku hiyo. Gari kama hilo huweza kuwa na unene wa maikroni mia nne, na fundi asiyefikiri atasema, “Hapa nafasi ni tele.” Unene huo huenda ni wa praima na puti, na juu yake duko iliyopulizwa mara moja tu kwa haraka.

Kisha ziko rangi za tabaka moja zisizo na klia, ambazo wengi hudhani zimekwisha duniani, nazo tunazo kila mahali. Ile nyeupe ya Toyota yenye namba 040, ambayo imevishwa idadi kubwa ya Land Cruiser na HiAce, aghalabu ni ya jamii hii, na atakaye kuijua namba ya gari lake naafungue boneti asome kile kibati cha kiwandani, hapo palipoandikwa neno la rangi. Rangi ya namna hii ikizeeka, gundi iliyoushika unga wake huliwa na jua, na unga hubaki juu bila ya mshiko. Ukipitisha kiganja hutoka cheupe kama chaki ya mwalimu. Alama yake katika kazi ni kwamba sponji hugeuka rangi ya gari. Fundi mgeni akiona sponji imekuwa nyekundu juu ya gari jekundu hushtuka akidhani ameharibu, wala hajaharibu, bali anapaswa kujua kwamba sasa anaila rangi yenyewe na kwamba chini yake hakuna cha kumwonya ila praima. Sponji na isafishwe kwa brashi baada ya kila kipande, kwa kuwa unga ule uliokufa ukikusanyika hugeuka msasa.

Na klia nazo hutofautiana. Mercedes-Benz kuanzia mwisho wa mwaka 2003 ilianza kutumia klia yenye chembe ndogo sana za kauri, ngumu, ambayo huidharau polishi nyepesi na kumlazimisha fundi kutumia nguvu; nayo nyeusi ya Toyota yenye namba 202 ina sifa kwa wenye kazi hii ya kuwa laini hata kitambaa kikavu huiandika. Namna ile ile iliyoipendezesha ya kwanza huijaza ya pili ukungu. Klia ya kiwandani huokwa katika joto la digrii 140 hivi, na ya gereji, iliyopulizwa baada ya ajali, hupata digrii 60 ikiwa gereji ina chumba cha joto, na ikiwa haina hupata jua la Mungu tu. Kwa hiyo mlango mmoja wa gari waweza kuwa na tabia isiyo ya mlango wa pili, na fundi mwenye kuzingatia hulijua hilo kabla hajaambiwa kwamba gari liligongwa. Ama zile rangi zisizong'aa kwa makusudi, ambazo zimeanza kuonekana juu ya magari ya kifahari, haziguswi na mashine kabisa. Ukizing'arisha kidogo tu umeziua, na tiba yake ni kupaka upya.

Sasa mashine. Ziko mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya zamani, ile niliyoitumia juu ya gari la mjomba, huzunguka katika mhimili mmoja kama pia. Tufanye hesabu kidogo: sponji yenye upana wa milimita 150 ikizunguka mara 1500 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu mita 12 kila sekunde, na kitovu chake kimesimama. Mkono ukipindisha mashine kidogo tu, kazi yote na joto lote huhamia kwenye ule ukingo unaokimbia, na juu ya mkunjo wa bati, ambako rangi huwa nyembamba kuliko mahali pengine popote, sekunde chache hutosha. Ya pili huzunguka na kuyumba kwa pamoja, sponji ikienda na kurudi kwa milimita 8, au 15, au 21. Na kampuni ya Rupes ya Italia ndiyo iliyoyaleta hayo mayumbo makubwa katika kazi ya rangi. Mashine hii ikikandamizwa kupita kiasi huacha kuzunguka, na kule kuacha kwake ni rehema kwa anayejifunza. Ile ya mhimili mmoja bado ina kazi yake katika mkono wa bingwa, juu ya klia ngumu iliyopigwa msasa wa maji. Lakini kijana anayeniuliza anunue ipi kwanza, humwambia anunue ya kuyumba, wala sijapata kujuta kwa jibu hilo.

Kabla ya mashine kuwashwa, gari huoshwa kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, kwa maana mchanga wa pwani ukibaki juu ya boneti, sponji huuchukua na kuuzungusha, na mtu huwa anachora kwa bidii kile anachotaka kukifuta. Vitu vilivyong'ang'ania, utomvu wa mwembe na kinyesi cha popo na vumbi la chuma, huondolewa kwa ule udongo laini wa kusafishia uliotokea Japani, ukiteleza juu ya maji. Kisha kingo zote, na mikunjo, na mipira ya madirisha, hufunikwa kwa tepu. Lau ningefanya jambo hili moja tu, mstari wa kijivu usingetokea.

Baada ya hapo fundi huchagua mraba mmoja wa upana wa mikono miwili akafanya jaribio lake humo, akianza na sponji laini kabisa na polishi nyepesi kabisa. Ikitosha amekwisha, isipotosha hupanda daraja moja, tena moja, mpaka apate dawa dhaifu kuliko zote inayoifanya kazi, na hiyo ndiyo atakayoizungusha gari zima. Wenye pupa huanza juu wakashuka. Kila mraba ukimalizika hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti ili mafuta yasimdanganye, na hutazamwa kwa taa kali kutoka ubavuni. Kazi yenyewe na ifanywe kivulini. Mafundi wa jua kali wanisamehe nikisema kwamba jua ambalo kazi yao imepewa jina lake ndilo adui wao mkubwa hapa, kwa maana boneti jeusi la adhuhuri hupita digrii 60 kabla sponji haijaligusa, na polishi hukauka juu yake kama uji juu ya chuma. Katika kila pito, kiganja na kiwekwe juu ya rangi. Pasipokalika kiganja, mashine haina ruhusa. Bampa za plastiki ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu bati hulitawanya joto na plastiki hulibakiza pale pale, na rangi juu yake huvimba na kusokoteka.

Kipo chombo kidogo cha kupimia unene wa rangi, nami naona kila kibanda kingekinunua kabla ya kununua sponji ya tatu. Kile cha bei nafuu hutegemea sumaku, nacho husoma juu ya chuma tu. Ukikiweka juu ya mlango wa Land Rover ya kale, ambao ni wa alumini, hakisemi neno, na wako waliokitupa wakidhani kimeharibika. Yataka kile kinachosoma metali zote mbili. Na hata hicho hupima tabaka zote kwa jumla, wala hakimwambii mtu klia peke yake imebaki kiasi gani. Kwa hiyo husomwa mahali pengi, na namba za ndani ya mlango, ambako hapana aliyewahi kupapiga polishi, hulinganishwa na za nje.

Sijasema lolote juu ya mwili wa fundi mwenyewe, na nisingependa kumpita. Miwani na kitambaa cha pua ni lazima, na zaidi kwa rangi za zamani nyekundu na za manjano, ambazo nyingi zilitiwa risasi. Hizo hazisuguliwi zikiwa kavu. Mikono ya kanzu, mikufu, na nyaya zinazoning'inia hazifai karibu na kitu kinachozunguka, na waya wa mashine hupitishwa juu ya bega ili usiburure juu ya rangi wala kulala katika maji ya sakafuni.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa mtaani aliniletea Land Cruiser yake nyeupe, 040, iliyochoka kwa jua. Niliifanya kwa siku mbili, na unga wote ulipotoka ikawa nyeupe kama kanzu ya Idi. Ulibaki mkwaruzo mmoja katika mlango wa nyuma, mrefu kama mkono, ambao ukucha ukipitishwa juu yake ulikwama. Nilipima pale mara tano: ndani ya mlango namba ilikuwa 104, na kando ya mkwaruzo ilikuwa 71. Mzee akaniuliza, “Na huu, mwanangu, hautoki?” Nikamwambia kwamba ningeweza kuutoa, na chini yake angeiona praima. Akautazama kwa muda, akapitisha ukucha wake mwenyewe juu yake, ukakwama kama ulivyokwama wangu, na mimi nikaichomoa mashine katika umeme, nikaanza kuizungushia waya wake.